Hedifoni Nyumbani: Sauti Kiasi Gani, kwa Muda Gani?

   Kama una kazi mkononi, endelea kukata sukuma wiki au kukunja nguo, lakini tega sikio, kwa maana mazungumzo ya leo yanahusu hilo hilo sikio.

Leo tunazungumza kuhusu hedifoni. Sina maana ya vile vidude vidogo vya kuchomeka ndani ya sikio. Nina maana ya ile kubwa inayofunika sikio zima kwa mto laini, yenye upinde unaopita juu ya kichwa. Zamani tuliiona kwa mtangazaji studioni au kwa diijei harusini. Siku hizi iko mezani kwako. Mtoto wa shule anaivaa akifuata somo kwenye simu. Kijana anaivaa ndani ya matatu. Wewe mwenyewe huenda unaivaa usiku, ukisikiliza mahubiri, taarabu au habari huku wengine wamelala.

Na hedifoni ina faida. Utakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto walisoma kupitia redio, runinga na simu. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambapo mmoja anasoma, mwingine anacheza na mtoto mchanga analia, hedifoni ilikuwa kama ukuta wa pili. Ilimpa mwanafunzi mahali pa kukaa na somo lake. Kwa hivyo sikuja leo kukuambia uitupe. Nimekuja tuzungumze jambo moja: sauti iwe kiasi gani, na kwa muda gani. Kwa nini? Kwa sababu sikio likiharibiwa na kelele, halirudi lilivyokuwa.

Ndani ya sikio kuna nini?

Ndani kabisa ya sikio, mahali usipoweza kupaona, kuna kiungo kidogo kilichojiviringa kama gamba la konokono. Kimejaa majimaji, na ndani yake mna seli ndogo sana zenye vinywele. Kila sikio lina seli za namna hii zipatazo 15,000. Sauti ikiingia, majimaji hutikisika, vinywele huinama, na ujumbe hupelekwa kwenye ubongo. Hapo ndipo unaposema, "Nimesikia."

Fikiria nyasi za uwanjani. Mtu mmoja akipita juu yake mara moja, nyasi huinama, kisha huinuka. Lakini watu wakipita hapo kila siku, asubuhi na jioni, nyasi hufa na njia hubaki vumbi tupu. Vinywele vya sikio ni hivyo hivyo. Sauti kubwa ya mara moja mara nyingi huviinamisha tu, vikapumzika, vikainuka. Sauti kubwa ya kila siku huviua.

Katika jambo hili, kuku wako ana bahati kuliko wewe. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba seli hizi za kuku zikiharibiwa na kelele huota upya. Za binadamu hazioti. Zile mtoto wako alizozaliwa nazo ndizo atakazozeeka nazo. Hakuna dawa ya kumeza wala ya kutia sikioni inayozirudisha. Hata kifaa cha kusaidia kusikia kazi yake ni kuongeza sauti. Seli zilizokufa hakizifufui.

Na jambo hili halitokei kwa kishindo. Hakuna damu, na mara nyingi hakuna maumivu. Hupungua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka siku mama anagundua kwamba mtoto haitiki akiitwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja ulimwenguni, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari hii kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na sauti nyingine.

Debe la unga wa wiki

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu, sauti yao ni kama desibeli 60. Hiyo haina madhara hata mkizungumza kutwa nzima.

Mwaka 2019, WHO pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, walitoa kiwango cha usalama kwa vifaa vya kusikilizia. Kwa mtu mzima, ni desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kwa mtoto, ambaye sikio lake linahitaji kutunzwa zaidi, ni desibeli 75 kwa saa 40 katika wiki.

Sasa sikiliza vizuri hapa, mama. Saa hizo 40 ni kama debe la unga wa wiki. Ukipika kwa kipimo, unga unafika Jumapili. Ukipika kwa fujo, Jumanne debe limeisha. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3 tu, unga unaliwa mara mbili kwa haraka. Kwa mtoto hesabu inakwenda hivi:

Desibeli 75: saa 40 kwa wiki.
Desibeli 78: saa 20 kwa wiki.
Desibeli 81: saa 10 kwa wiki.
Desibeli 84: saa 5 kwa wiki.

Baadhi ya hedifoni za watoto zinazouzwa madukani zimeandikwa kwenye boksi kwamba sauti yake haipiti desibeli 85. Mzazi anasoma, anaridhika, anamwachia mtoto kutwa nzima. Lakini fuata hesabu ile. Kwa desibeli 85, debe la mtoto ni saa 4 hivi kwa wiki nzima, yaani kama dakika 35 kwa siku. Maandishi yale yanamaanisha kwamba sauti ina mpaka. Hayamaanishi kwamba muda hauna mpaka.

Na simu ikifunguliwa sauti mpaka mwisho? Vifaa vingine hufika desibeli 100 na kupita. Kwa sauti hiyo, debe la mtu mzima linaisha kwa dakika zipatazo 20 kwa wiki. La mtoto hata dakika 10 halifiki.

Kumbuka pia kwamba debe ni moja. Sikio halina debe la hedifoni na debe jingine la matatu. Muziki wa matatu, kinu cha kusaga unga, spika za mkutano wa injili, harusi na disko matanga, vyote vinachota humo humo. Mtoto aliyeshinda Jumamosi karibu na spika za harusi amekula sana. Jumapili mwache apumzishe masikio.

Utapimaje bila kipimo?

Huna haja ya chombo cha maabara. Kuna njia nne rahisi.

Njia ya kwanza, tazama alama ya sauti kwenye simu. Isipite 60 kwa 100, yaani juu kidogo ya nusu. Na akisikiliza kwa saa moja, avue apumzishe masikio kabla ya kuendelea.

Njia ya pili, muziki ukiendelea kupiga, ivue hedifoni kichwani mwa mtoto, uishike umbali wa mkono ulionyooka. Kama unasikia maneno ya wimbo waziwazi kutoka hapo, sauti imezidi.

Njia ya tatu, panga sauti mkiwa nyumbani, mahali patulivu. Msomo ukisikika vizuri hapo, hicho ndicho kipimo. Shida huanza safarini. Matatu inanguruma, kijana anaongeza sauti ili muziki wake uishinde injini. Yeye anaona ni sauti ile ile. Sikio linapokea zaidi.

Njia ya nne, msikilize mtoto baada ya kuvua. Akisema masikio yameziba, au anasikia mlio kama wa mbu au kengele, au sauti za watu ziko mbali, ujue sauti ilizidi. Mlio huo unaweza kuondoka baada ya saa chache, lakini ni onyo. Ukizoea kurudi, siku moja utakaa.

Hapa ndipo hedifoni kubwa ina nafasi nzuri. Mto wake ukifunika sikio sawasawa huzuia kelele za nje, na mtu husikia vizuri hata kwa sauti ndogo. Lakini mto ukiinuliwa na miwani, herini kubwa au nywele nene za kusuka, kelele za nje huingia na mtu huongeza sauti bila kufikiri. Vivyo hivyo mto uliochanika, au upande mmoja ukifa. Wengi wetu upande ukifa tunaongeza sauti ya upande uliobaki, na sikio moja linabeba mzigo wa mawili. Hedifoni ya namna hiyo itengenezwe, au iwekwe kando.

Simu nyingi pia hutoa onyo sauti inapopandishwa sana wakati hedifoni imeunganishwa. Onyo hilo watoto hulifuta haraka kama wanavyofukuza nzi. Mwombe mtu anayeijua simu akuonyeshe pale panapowekwa kikomo cha sauti, kisha ukiweke wewe mwenyewe.

Je, ni mkaidi au hasikii?

Kelele huharibu kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Katika maneno, sauti hizo ni kama s, f, sh na th. Kwa hivyo mtoto anasikia kwamba unazungumza, lakini maneno yanachanganyika. Unamwambia "fika," anasikia "shika." Mwalimu anasema "saba," yeye anaandika "shaba." Darasani lenye watoto wengi na kelele nyingi, anapotea kabisa.

Nyumbani naye anaitwa mkaidi. "Nimekuita mara tatu!" Anakaripiwa, pengine anapigwa, kwa kosa ambalo hakulitenda. Shuleni alama zinashuka, anaambiwa hana bidii. Mama, kabla ya adhabu, jiulize: je, mtoto huyu amekataa kusikia, au hawezi kusikia?

Angalia dalili hizi. Anauliza "ati nini?" mara kwa mara. Anageuza sikio moja kwako. Anatazama midomo yako unapozungumza. Anaongeza sauti ya runinga wengine wanapoona inatosha. Anapoitwa kutoka nyuma haitiki, lakini akikuona anaitika. Analalamika kuhusu mlio sikioni.

Ukiona dalili kama hizi, mpeleke kwenye kituo cha afya. Si kila mtoto asiyesikia ameharibiwa na hedifoni. Wengine wana nta iliyoziba, wengine wana ugonjwa wa sikio, na hayo yana matibabu. Mhudumu wa afya atamchunguza, na ikihitajika atampeleka kwa mtaalamu wa kupima usikivu. Kwa mambo ya masomo, uliza shuleni au kwenye ofisi ya elimu kuhusu kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Kazi ya vituo hivyo ni kutathmini watoto wenye shida za kusikia, kuona na kujifunza, na kuwashauri wazazi na walimu.

Usafi wa hedifoni

Katika nyumba nyingi hedifoni ni moja na vichwa ni vitano. Jasho, mafuta ya nywele na vumbi hubaki kwenye mto. Ipanguse kila wiki kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, uiache ikauke. Usiitumbukize majini.

Mtoto mwenye choa kichwani au chawa atibiwe kwanza kabla ya kuvaa hedifoni ya wote. Mtoto anayetoa usaha sikioni asiivae hata kidogo. Mpeleke kliniki, na usitie mafuta wala maji ya majani sikioni mwake. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Upinde ukibana sana, kichwa kitauma na masikio yatakuwa mekundu au mazito. Ulegeze. Usivae hedifoni yenye waya huku simu imechomekwa kwenye umeme, hasa kama chaja ni ya bei duni. Na mtoto mchanga hana haja na hedifoni yoyote ya muziki. Waya wake unaweza kumzonga shingoni, hivyo usiachwe kitandani kwake.

Wewe nawe, mama

Ukiivaa wewe, kumbuka ukuta ule hauchagui. Unazuia kelele za jirani, na unazuia kilio cha mtoto. Unazuia maziwa yanayofurika jikoni, mlango unaogongwa, na bodaboda inayotoka nyuma yako. Kama uko peke yako na mtoto mdogo, acha sikio moja wazi, au sikiliza redio bila hedifoni. Yaya au nyanya anayekulelea mtoto naye aambiwe hivyo hivyo, kwa heshima. Na barabarani, wakati wa kuvuka, hedifoni ivuliwe ishuke shingoni. Mfundishe mtoto hivyo tangu siku ya kwanza: barabara ikionekana, hedifoni chini.

Kuzungumza na kijana

Sasa utamwambiaje kijana wa miaka 15? Ukimnyang'anya, atavaa ya rafiki yake. Ukimpigia kelele, atavaa ili asikusikie. Badala yake, kaeni chini mfanye mapatano.

Mwonyeshe ile hesabu ya debe. Akiiangalia vizuri ataona jambo la kumfurahisha: ukipunguza sauti kidogo, muda unaongezeka sana. Kushusha desibeli 3, ambazo ni hatua ndogo tu kwenye kitufe cha sauti, kunamrudishia saa mara mbili. Kwa hivyo mwambie, "Mwanangu, sikukatazi muziki. Ukishusha sauti, utasikiliza zaidi, na ukifika umri wangu bado utakuwa unausikia." Hayo ni mapatano ambayo kijana anaweza kuyakubali, kwa sababu naye anapata kitu.

Kisha wekeni kanuni mbili au tatu za nyumba yenu, na wewe uzifuate pia. Kwa mfano: hedifoni hailali na mtu kitandani, inalala mezani. Wakati wa chakula hakuna anayeivaa. Na aliyeivaa akiguswa begani, anaivua kwanza ndipo azungumze.

Kumbuka

Seli za kusikia za binadamu zikifa haziotii tena.
Sauti isipite 60 kwa 100, na kila baada ya saa moja masikio yapumzike.
Panga sauti mahali patulivu, na usiiongeze ndani ya matatu.
Hedifoni iliyoandikwa desibeli 85 nayo ina mpaka wa muda.
Mtoto asiyeitika apimwe masikio kabla ya kuitwa mkaidi.

Kila mwaka, tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani. Lakini wewe usingoje Machi. Leo jioni, mtoto akivaa hedifoni yake, ivue kwa upole, ishike umbali wa mkono, usikilize.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Nyumbani kwetu, nani huvaa hedifoni, na kwa saa ngapi kwa siku?
2. Mbali na hedifoni, ni kelele gani nyingine zinazochota katika debe la watoto wetu wiki nzima?
3. Je, kuna mtoto kijijini au mtaani kwetu anayeitwa mkaidi, ambaye pengine hasikii vizuri? Tutamsaidiaje mama yake?

 Litunze sikio lako, na yatunze ya watoto.